Mkono Wangu Chini ya Sakafu ya Nyabuso

Goti la kushoto ndilo lililostaafu kwanza. Mimi nilifuata miezi miwili baadaye, maana sakafu haipigwi kwa goti moja. Wankyo, niliyemwachia mwiko, nyundo na kazi zote za Bunda, akaniambia, "Bibi, andika. Tukikuuliza unasemaga tutaona mbele ya safari. Tukifika huko mbele, wewe haupo." Basi naandika. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno makubwa. Majina nayakumbuka yote, ya watu na ya ng'ombe. Anayeona nimekosea aje nyumbani Guta. Sasa nina nafasi.

Kazi ya sakafu sikuianza kwa saruji. Niliianza kwa mavi ya ng'ombe, kwetu Buswahili, chini ya bibi yangu mzaa baba, Nyabise. Kila Jumamosi tulisiriba nyumba nzima. Mavi yawe mabichi, ya ng'ombe aliyekula majani. Majivu yachekechwe. Maji kidogo, halafu mkono. Unaanzia ukuta wa ndani unarudi nyuma kuelekea mlangoni, na kila mkono unapopita vidole vinaacha mistari iliyopinda. Kila mwanamke na mistari yake. Ukiingia nyumba yoyote unajua nani kasiriba, kama mwalimu anavyojua mwandiko wa mwanafunzi. Wanaume hawakulijua hilo. Walikuwa wanakanyaga tu.

Mistari yangu ilikuwa na kasoro. Nikiwa na miaka kama tisa, ndama mmoja aliyeitwa Mabaka alinikanyaga kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Kikapona kikiangalia pembeni. Kuanzia siku hiyo nikisiriba, mistari mitatu inakwenda pamoja na wa nne unakwenda peke yake, kama mtoto aliyetoroka shule. Bibi Nyabise alipoona akasema, "Vizuri. Hutaweza kusingizia mtu."

Sheria yake nyingine nitaitaja hapa kwa sababu ndiyo iliyokuja kunitia aibu. Mgeni hakanyagi sakafu ambayo haijasiribwa. Hata akija wa haraka, atasimama nje, apewe maji, mpaka sakafu ikauke. Nilimwona katekista mzima akisubiri juani.

Nilipoolewa nikahamia Musoma. Mume wangu, Baba Magesa, alikuwa kibarua wa fundi Manyama, mzee mfupi aliyepiga sakafu za nyumba za serikali tangu ujana. Mimi niliwapelekea maji ya kuchanganyia. Siku moja fundi alikuta nimelainisha kona aliyoiacha, kwa kiganja, mpaka inang'aa.

"Nani kakufundisha?"

"Ng'ombe."

Hakucheka. Alimwambia mume wangu, "Wewe kesho chota maji. Huyu aje huku." Baba Magesa alichota maji miaka sita na hakuwahi kunilaumu, ila chumvi ikizidi kwenye samaki alikuwa ananiita fundi.

Miezi ya kwanza sikupewa mwiko. Nilipewa mpini wa nyundo na kuambiwa nigonge. Niligonga sakafu za Musoma mpaka watu wakadhani natafuta mlango. Fundi Manyama alikaa kwenye ndoo akasikiliza. Sakafu iliyoshikana na chini yake inajibu kwa kifupi: ko. Iliyoachana nayo inajibu kama mtungi usio na maji. Ukisikia mtungi, chora kwa mkaa, songa mbele kidogo, gonga tena, mpaka upate mpaka wake. Wankyo, nyie vijana mnaanza kuvunja katikati kwa sababu ndipo panapolia zaidi. Anza pembeni, kwenye mpaka. Ukianza katikati unatikisa na ile iliyo nzima, halafu unarudi kwa mwenye nyumba na habari mpya.

Na alikuwa na neno lake moja ambalo alilirudia hata kama hujauliza. "Sakafu haijui kumfichia fundi. Itanyamaza mwaka, miwili, lakini ipo siku itasema."

Halafu ikaja shida. Ninyi hamkuiona. Baada ya vita vya Kagera, sabuni ilipotea, sukari ikapotea, misumari ikapotea. Saruji ilikuwa kwa kibali, na kibali chenyewe kilikuwa kwa kujuana. Tulinyoosha misumari ya zamani juu ya jiwe, na kuna msumari mmoja nilioukuta kazini mara tatu, kwa kichwa chake kilichopinda. Fundi wa sakafu bila saruji ni mtu anayetembea na nyundo tu.

Ndipo tukaitwa kwenye nyumba ya masista, nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao, inayolia kila mtu akitembea. Fundi Manyama alinifundisha kwamba mbao hailii. Kinacholia ni nafasi. Msumari umelegea, ubao unapanda na kushuka, unasugua. Basi unaingia chini kwa tumbo, mwenzako anatembea juu taratibu, na panapolia unapachika kabari nyembamba ya mti mkavu kati ya ubao na boriti. Usiipigilie kwa nguvu, utauinua ubao na kuhamishia kelele kwa jirani yake. Pale mbao mbili zinaposuguana ubavu kwa ubavu, unapitisha mshumaa. Mishumaa kwa masista ilikuwepo.

Tulinyamazisha nyumba nzima. Sista Yustina, mkubwa wao, akatembea kote, akasimama mbele ya stoo.

"Hapa pia mmetengeneza?"

"Ndiyo, Sista."

"Parudisheni palivyokuwa."

Tukatazamana. Akasema, "Fundi, ndani ya hiyo stoo kuna sukari kilo nne. Mimi nina macho mawili na sala saba kwa siku. Ule ubao ndio ulikuwa mlinzi." Tukatoa kabari. Ndiyo kazi pekee maishani mwangu niliyolipwa kuharibu, na niliifanya kwa uangalifu mkubwa.

Sasa Kibara.

Kule alikaa mvuvi mmoja, Mafuru, na mke wake Nyabuso. Mafuru alipata kibali cha saruji, mifuko minne. Nasikia sangara wakubwa walihusika, sikuuliza. Alitaka sebule na chumba vipigwe sakafu ya saruji, ya kwanza upande ule wa ziwa. Fundi Manyama alikuwa amelala na homa. Akaniambia, "Nenda wewe. Umeshaiva." Nikaenda peke yangu, mwanamke na mwiko wake kwenye kapu la samaki.

Nyumba ya Nyabuso ilikuwa safi kuliko yangu. Sakafu yake ya udongo ilisiribwa miaka na miaka, imekaza kama ubao. Yeye mistari yake ilikuwa ya mviringo, kama mawimbi ukitupa jiwe. Tulikaa tukaitazama ile saruji nje, imefunikwa turubai kama mgonjwa wa heshima. Nikamwambia, "Hiyo saruji ni mgeni. Haiwezi kulala kwenye sakafu ambayo haijasiribwa."

"Kweli kabisa," akasema Nyabuso. "Ngoja nisiribe."

"Kaa. Leo nasiriba mimi. Wewe ndiye unayepokea mgeni."

Nikasiriba vyumba vyote viwili kwa mkono wangu, vizuri kuliko siku zote, nikapaacha pakauke kabisa. Kesho yake nikamwaga saruji juu. Nikalainisha mpaka Mafuru akajiona uso. Watu walivua viatu mlangoni, na wengi hawakuwa na viatu, wakapangusa miguu. Nilisifiwa siku tatu mfululizo. Nilirudi Musoma nimekaa mbele kwenye lori la pamba.

Wale mnaojua kazi mmeshaona. Wasiojua, watanijua sasa hivi.

Mwaka uliofuata fundi Manyama akanichukua hapa Guta, nyumba ya mwalimu Mugeta. Sakafu ya saruji inalia mtungi kote, imeanza kupasuka. Tukainua kipande. Chini yake vumbi jepesi la kahawia, na mchwa wanaondoka bila haraka, kama watu walioshiba.

"Unajua hii ni nini?" akaniuliza fundi.

"Udongo?"

"Mavi ya ng'ombe. Kuna mtu alisiriba halafu akamwaga saruji juu. Saruji haishiki kwenye mavi, imelala juu yake tu. Halafu mchwa wanakuja kula godoro. Fundi gani anafanya upumbavu kama huu?"

Nikasema, "Sijui."

Nilimkumbuka Nyabuso, sebule, chumba, vyote viwili. Nilifikiria kumwambia fundi Manyama siku ile ile. Halafu nikafikiria Kibara ni mbali. Halafu nikafikiria saruji haipatikani, nikienda nitawavunjia wakae na nini? Sababu zangu zote zilikuwa za kweli, na sikwenda. Fundi Manyama alikufa bila kujua. Au alijua, maana kuanzia siku ile aliacha kusema neno lake kuhusu sakafu nikiwepo.

Ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Saruji ikajaa madukani, kila rangi ya mfuko, na kila mtu aliyewahi kushika kijiko akawa fundi. Walipiga sakafu juu ya vumbi, juu ya majani, juu ya mkeka mara moja, sisemi uongo, mkeka wa Mama Nyanjige pale Bunda, na ua lake jekundu bado likionekana. Kwangu ikawa mavuno. Nikahamia Guta, nikajulikana kwa kazi moja: sakafu inayolia mtungi. Watu walisema, mwite Mama Magesa, anasikia kama daktari. Niligonga, nikachora, nikavunja, nikaondoa mpaka udongo mgumu. Nikaongeza moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, yenye unyevu, tukashindilia mpaka kisigino hakiachi alama. Tukapanga mawe, zege, tukalikwaruza likiwa bichi ili lishike. Kabla ya tabaka la juu, lowesha, pitisha uji wa saruji, mwaga kabla uji haujakauka. Halafu funika magunia yenye maji siku saba. Mwenye nyumba atalalamika siku ya tatu. Mwache alalamike.

Nilizunguka kote, ila Kibara sikwenda. Waliniita mara mbili, nikasema nina kazi.

Mara ya tatu aliyekuja hakuwa mteja. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Kitunga, na baiskeli yake. Alikunywa maji yote kabla ya kusema.

"Mama Magesa, Mafuru alifariki. Mwezi wa pili sasa."

"Poleni sana. Nyabuso anaendeleaje?"

"Ndiyo nililofuata. Kwenye matanga wazee walikaa ndani, na fimbo zao. Unajua wazee, wakiongea wanagonga chini. Sakafu ikajibu. Chumbani ndiyo kabisa, inalia kama kuna shimo. Majura, mdogo wake marehemu, anasema shemeji yake kafukia kitu chini ya kitanda. Anasema ndicho kilichomla kaka yake. Na mtoto wa Majura naye anaumwa."

"Nyabuso anasemaje?"

"Anasema mkavunje mtazame. Basi kesho kutwa ukoo unakaa. Wakikuta kitu, huyo mama anafukuzwa. Na wakimfukuza kwa jambo kama hilo, unajua njiani kunakuwaga na nini." Akajipangusa jasho. "Nimesema asivunje mtu mwenye hasira. Avunje fundi, mbele ya wote. Wakakubali wewe, kwa sababu wewe si wa upande wowote."

Nilichukua tindo, nyundo na mkaa. Njia nzima nilikuwa na wazo zuri: nitasema ni mchwa. Si uongo, mchwa watakuwepo. Na mchwa hawana ukoo wa kuwatetea.

Nilikuta watu wamejaa hadi kwenye mihogo, na baada ya miaka yote ile hakuna aliyenikumbuka isipokuwa Nyabuso. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, ameshakonda. Aliniangalia mkono kwanza, halafu uso.

"Umekuja kunifukua, Mama Magesa?"

"Nimekuja kugonga, mama."

"Gonga. Mwenzio nimegongewa mwezi mzima."

Majura alisimama ndani, mtu mrefu, macho mekundu. Nilitegemea kumchukia, nikakuta ni mtu anayeogopa. "Anzia chumbani," akasema. "Na usifiche kitu."

Nikagonga. Chumba kizima kilikuwa mtungi, ukuta hadi ukuta. Sikuwa na haja ya mkaa, lakini nilichora, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Nikaanza pembeni. Kipande cha kwanza kilitoka kizima, kikubwa kama sinia. Chini yake vumbi la kahawia, na mchwa. Majura akaweka mkono ndani ya vumbi hadi kwenye kifundo cha mkono, akagusa udongo mgumu. Hakuna kitu. Akavunja kipande kingine mwenyewe, na kingine. Hakuna.

Watu wakaanza kupumua. Nami nilikuwa nafungua mdomo niseme habari za mchwa. Hapo Majura akapindua kile kipande cha kwanza.

"Na hizi ni nini?"

Upande wa chini wa saruji ulikuwa na alama. Mistari iliyopinda, imeinuka, mitatu pamoja na mmoja pembeni, mitatu pamoja na mmoja pembeni, kipande kizima. Saruji ilikuwa imenakili kila kitu.

"Hayo ni maandishi!" mtu akapiga kelele mlangoni. "Kaandika! Chini ya kitanda cha mume wake!"

Kelele ikatoka nje ikarudi ndani ikiwa kubwa zaidi. Nyabuso hakuinuka. Alisema tu, "Mimi mistari yangu ni mviringo," lakini alisema kwa wanaume, na wanaume hawakujua anazungumza nini.

Mimi nilijua. Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya chumba nikiitazama kazi yangu ya miaka mingi iliyopita, na ilikuwa imesiribwa vizuri sana.

Nikamwambia Mzee Kitunga, "Niletewe mavi ya ng'ombe. Mabichi. Na majivu."

"Ya nini, mama?"

"Ya kujibia."

Yakaletwa. Nikatoka uani, nikachanganya, nikasiriba mahali pa ukubwa wa mkeka, mbele ya wote, kwa mkono wa kulia. Nikanyanyuka. Nikaomba kile kipande kilazwe pembeni yake. Wanawake walikuwa nyuma, kama kawaida, lakini mmoja mzee, Nyafuru, mama mkwe wa Mzee Kitunga, akapita katikati ya wanaume kama wanaume si kitu. Akatazama chini, akatazama kipande. Akachukua mkono wangu wenye mavi akakishika kidole cha mwisho.

"Hiki kilifanya nini?"

"Kilikanyagwa na ndama. Anaitwa Mabaka."

"Mkono ni huu," akawaambia wanawake. Wote wakasogea, wakatazama, na kazi ikaishia hapo. Wanaume waliendelea kubishana kidogo, ila walikuwa wamebaki peke yao.

Majura akaniuliza, "Wewe ulifanya nini ndani ya nyumba ya kaka yangu?"

"Nilipiga sakafu hii mimi. Kabla ya kumwaga saruji nilisiriba, kwa heshima. Niliona saruji ni mgeni. Saruji haishiki juu ya mavi, ndiyo maana inalia. Hakuna kilichofukiwa. Ni ujinga wangu."

"Umeujua leo?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo.

"Niliujua mwaka uliofuata. Sikuja."

Majura akakitazama tena kile kipande. Nafikiri alikuwa anatafuta mahali pa kuiweka hofu yake, maana kwa shemeji yake haikuwa na nafasi tena. Mwisho akasema, "Mtoto wangu basi anaumwa nini?" Mzee Kitunga akamjibu, "Twende naye Bunda, hospitali. Baiskeli hii hapa." Wakaenda. Ilikuwa malaria. Mtoto yule anaitwa Masatu, sasa ana kipara.

Nyabuso hakunishukuru, na sikutegemea. Alinikalisha kwenye kile kigoda chake, akaniletea maji ya kunawa, na nilipokuwa nanawa akaniambia taratibu, "Wewe niliyekusifia siku tatu."

"Ndiyo, mama."

"Umeniacha nilale juu ya mtungi miaka yote hii."

"Ndiyo."

"Utapiga upya?"

"Kuanzia kesho."

Nilikaa Kibara wiki mbili. Waliobeba mawe na moramu ni wale wale waliokuja na fimbo, Mzee Kitunga aliwapanga zamu na hakuna aliyebisha. Niliondoa kila chembe ya mavi mpaka udongo mgumu, nikafanya yote niliyoyataja hapo juu, bila kuruka. Siku ya mwisho, niro, ule uji wa saruji wa kung'arishia juu, ikiwa bado laini, Nyabuso akasimama mlangoni.

"Weka mkono wako."

"Wapi?"

"Hapo nyuma ya mlango. Safari hii upande wa juu. Wakisikia inalia tena, wajue wa kuuliza."

Nikaweka, vidole vitano, kile cha mwisho kikiangalia pembeni.

Tangu siku ile kila sakafu niliyopiga ina mkono huo nyuma ya mlango. Wenye nyumba wengine walidhani ni urembo, wengine wakaomba wa watoto wao uwekwe pia, nikakataa. Wankyo, wewe umeshaniuliza mara nyingi kwa nini siufuti, na nikakwambia utaona mbele ya safari. Huku ndiko mbele yenyewe.

Sakafu zangu ni nyingi, Musoma, Bunda, Buswahili, na baadhi zitakuja kulia, kwa sababu mimi si Mungu na moramu nyingine ni mbaya. Mkiitwa, gongeni, choreni mpaka, anzeni pembeni. Kabla ya kumsikiliza mtu yeyote anayejua kilichofukiwa chini, fungeni mlango mtazame nyuma yake. Mkikuta mkono wenye kidole kilichopinda, mje Guta mnichukue, hata kwa pikipiki, goti nitalivumilia. Na kama nimeshakufa, msitafute mtu mwingine wa kulaumiwa. Semeni ni Nyangeta, Mama Magesa. Halafu vunjeni.